Shajara ya mradi: kuupeleka muziki wa kidumbak ndani ya gemu ya jahazi

Gemu ni ya simu. Mchezaji ni nahodha: anapakia shehena Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Unguja na Lamu, anasubiri upepo, anatweka tanga, anauza, anarudi. Kaskazi ikivuma anateremka kusini, kusi ikivuma anapanda. Tuko watatu: mmoja anaandika programu, mmoja anachora, na mimi nafanya muziki wa nyuma, ule unaosikika mchezaji akiwa ameshughulika na jambo jingine. Naandika haya kwa sababu nilipotafuta mtu aliyewahi kukitia kidumbak, ndugu mdogo wa taarabu ya Unguja, ndani ya gemu sikupata pa kuiga. Atakayekuja nyuma yangu apate pa kushika, na ajue ni wapi nilipopoteza muda na fedha.

12 Januari 2025: Nilipoanzia

Vifaa: laptopu ya mwaka 2017 yenye RAM ya GB 8, kinanda cha midi (kinachotuma noti kwenye kompyuta kama namba) cha vitufe 49, hedifoni moja, maiki moja ya kondensa na kadi ya sauti ya matundu mawili. Narekodi kwa Reaper, ambayo unaijaribu siku 60 bila kulipa, kisha leseni ya mtu mmoja ni dola 60. Injini ya gemu, yaani programu tunayoiundia, ni Godot 4.3. Toleo hilo lilitoka Agosti 2024 na ndilo lililoleta zana za muziki unaobadilika ndani ya injini yenyewe: kupiga mafaili kadhaa kwa pamoja yakaenda sambamba, na kuhama kutoka muziki mmoja kwenda mwingine kwa kufuata mapigo. Hayo mawili ndiyo niliyoyahitaji kuliko yote.

Bajeti yote ya muziki ni shilingi milioni moja. Kwa fedha hiyo okestra ya taarabu haiwezekani. Kanuni, udi, nai, kodiani na safu ya fidla ni watu wengi kuliko uwezo wetu wa kuwanywesha hata chai. Kidumbak ni kundi dogo: vidumbak viwili (ngoma ndogo), sanduku la besi, cherewa (manyanga ya kutikisa), mkwasa (vijiti vya kugonga) na fidla moja. Lakini hata ningekuwa na fedha ningekichagua hichohicho, kwa sababu kinasikika kama watu walio karibu nawe. Gemu inachezwa usoni, simu ikiwa imeshikwa kwa mikono miwili. Ukumbi mkubwa ndani ya simu ndogo ungesikika wa mbali.

26 Januari: Wimbo mzima ulioniponyoka

Wiki mbili zimekwenda bure. Nilitunga kama tunavyozoea ukumbini: ufunguzi mfupi kwa mtindo wa bashrafu, kisha lahani, kibwagizo, fidla ijibizane na kinanda, mwisho kufunga. Dakika 3 na sekunde 10. Kwenye hedifoni ulikuwa mzuri na sikuona kasoro.

Tukautia kwenye gemu. Mchezaji alipoingia Bandari ya Unguja bashrafu ikaanza, naye akatoka baada ya sekunde 20, yaani wimbo ukakatwa kabla haujaanza kusema. Mara ya pili akakaa bandarini dakika kumi. Kibwagizo kikapanda kwa kishindo wakati nahodha anahesabu magunia ya karafuu, ukafungwa kwa heshima zote akiwa bado anahesabu, ukaanza upya, ukafungwa tena. Ilikuwa kama harusi inayovunjika na kufungwa kila dakika tatu.

Wimbo una safari yake mwenyewe, na gemu ina safari yake, na hizi mbili hazikupatana. Mwenye safari ni mchezaji. Niliutoa wimbo wote. Kilichobaki ni mizani minane (mafungu ya mapigo manne manne) ya sanduku ambayo ilikuwa haiendi popote, inatembea tu kati ya D na A. Mwanzoni niliiona kuwa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

9 Februari: Kishindo kwenye maungio

Sasa natunga lupu, yaani kipande cha muziki kinachojirudia bila kukoma. Mapigo 90 kwa dakika, mizani 32 ya mapigo manne manne, jumla mapigo 128, sawa na sekunde 85 na theluthi moja. Sikuichagua 90 kwa kuipenda tu. Kompyuta huhifadhi sauti kama vipimo vidogo vidogo viitwavyo sampuli, na kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, lupu hiyo inatoka sampuli 3,763,200 kamili, bila desimali. Kwanza nilijaribu 92 na ikanipa sampuli 3,681,391 na kidogo. Hicho "kidogo" huwezi kukikata, kwa hiyo lupu haifungi sawasawa, na ukiwa na tabaka nne, yaani mafaili manne ya vyombo mbalimbali yanayotakiwa kwenda pamoja, hutaki masazo hata ya sampuli moja.

Pamoja na hesabu hiyo, kila lupu iliporudi mwanzo kulisikika kama mtu anakatiza pumzi. Nilitafuta kosa siku tatu. Nikakata upya, nikapunguza sauti mwishoni, nikabadilisha ngoma. Kumbe tatizo lilikuwa aina ya faili: nilikuwa natoa MP3. MP3 hufungasha sauti katika vipande vya sampuli 1,152, na kipande cha mwisho kisipojaa hujazwa kimya. Isitoshe hutia kimya kingine mwanzoni. 3,763,200 ukiigawa kwa 1,152 inabaki 768, basi kila mzunguko ulikuwa na pengo lake. Nikahamia OGG Vorbis, pengo likaondoka saa ileile. Ndani ya Godot, ukiingiza OGG, washa lupu na uandike mapigo kwa dakika, idadi ya mapigo yote na mapigo ya kila mizani. Usipoandika hayo, injini haitajua mizani inaishia wapi, na utakuja kuyahitaji baadaye.

Kosa la pili lilikuwa mwangwi. Fidla ikipigwa pigo la mwisho, mwangwi wake ulikatwa palepale lupu ilipoishia. Dawa yake ni rahisi hata nikashangaa sikuijua mapema: piga lupu mara mbili mfululizo, toa faili la zote mbili, kisha kata mzunguko wa pili tu. Mzunguko wa pili unaanza ukiwa tayari umebeba mwangwi wa mwisho wa wa kwanza, na hivyo mwisho na mwanzo vinashikana.

23 Februari: Mpwa wangu anazima sauti

Lupu ya safari ilikuwa tayari kwa sauti za kinanda. Nikampa mpwa wangu, ana miaka 11, acheze bila kumwambia ninachokitazama. Dakika ya 14 akashusha sauti mpaka chini, akaendelea kucheza.

Nikamuuliza mbona umezima.

"Mjomba, hiyo fidla inasema neno lilelile."

Nilipiga hesabu: dakika 14 ni karibu mizunguko kumi. Lahani yangu ya fidla, niliyoikalia siku nne, aliisikia mara kumi, na kila mara ilimgusa begani kumwambia sikiliza hapa. Vidumbak navyo vilirudi mara kumi, sanduku mara kumi, wala hakuvitaja. Nikamwomba acheze tena nikiwa nimeitoa fidla. Akacheza dakika 40 na sauti iko juu.

Jambo hili nililijua kwa nadharia, maana katika kidumbak chenyewe ngoma na sanduku zinaweza kukaa palepale muda mrefu huku watu wakicheza bila kuchoka, na fidla ndiyo inayoingia na kutoka. Nililijua ukumbini, nikalisahau mbele ya kompyuta.

Mpango mpya: chini kuwe na lupu ya sanduku, vidumbak, cherewa na mkwasa. Fidla itoke kabisa ndani ya lupu, iwe vipande vifupi vifupi vinavyokuja kwa bahati, na kati ya kipande na kipande kuwe na kimya kirefu.

Nilitaka kurekodi wapigaji wa kweli mwisho wa mwezi huu, lakini mabadiliko haya yamekula muda na Ramadhani imefika mlangoni. Mwezi mtukufu ngoma hunyamaza, na sikuona vizuri hata kuuliza. (Naongeza baadaye: Machi yote niliitumia kuandika makubaliano na wapigaji: ujira wa kila kikao, majina yao ndani ya gemu, na kwamba sauti zao zitatumika katika gemu hii tu. Tukitaka kuzitumia kwingine tunarudi kwao na malipo mapya. Ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, kila mtu na nakala yake. Kuna kitu sikukiandika humo, nitakieleza mbele.)

13 Aprili: Mvua, kunguru na sanduku

Kikao cha kwanza, tarehe 6, kiliharibika. Chumba nilichoazima kina paa la bati, na masika hayakungoja. Tulikaa saa tatu tukitazama dari. Wapigaji wote niliwalipa kamili, maana walikuja na kazi zao waliziacha. Shilingi 170,000. Ukirekodi Aprili pwani, chumba kiwe na zege juu. Hilo liwe sharti la kwanza kabla ya maiki.

Tarehe 12 tulihamia chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa huko Ng'ambo, mjini Unguja, magodoro manne ukutani, feni imezimwa. Mchana haufai kwa sababu ya kunguru na bodaboda, kwa hiyo tulianza saa tatu usiku, baada ya watu kuswali isha na kula.

Sanduku ndilo lililotutesa, na ndilo lililonifurahisha zaidi. Kwa asiyelijua: ni sanduku jepesi la mbao lililopinduliwa, uzi mmoja unatoka katikati yake kwenda ncha ya mti. Mpigaji huvuta mti nyuma, uzi ukakaza na sauti ikapanda, akiulegeza, inashuka. Hakuna alama wala kituo cha kidole. Noti ziko mkononi mwake na sikioni mwake.

Niliweka maiki mbele ya sanduku, umbali wa shibiri moja. Nikapata mngurumo usio na noti, kama mtu anasogeza kabati chumba cha pili. Nikaipandisha hadi usawa wa vidole vyake vinapochomoa uzi, na hapo nikapata uzi lakini mwili ukapotea. Mwishowe nikatumia mbili: ya kondensa kwenye vidole, na maiki ya jukwaani niliyoazima chini, pembeni ya sanduku, isitazame mbele. Nikichanganya theluthi mbili ya juu na theluthi moja ya chini, linakuwa sanduku.

Kisha tukasikia mkwaruzo. Kila alipopiga D ya chini, kitu kilikuwa kinalia ndani kama nzi kwenye kopo. Tulikagua misumari, tukakaza mbao. Mpigaji mwenyewe, tunamwita Ami, akainama, akapitisha kidole kwenye tundu uzi unapotoka, akasema, "Hapa pamelika." Ukingo wa tundu ulikuwa umechimbika kwa miaka ya uzi kusugua, na uzi ukilegea ulikuwa unagonga ukingo wa pili. Akavua ndara, akakata kipande cha ngozi kisichozidi ukucha, akakichomeka baina ya uzi na mbao. Nzi akanyamaza. Nilikuwa tayari nimeshafungua programu ya kusafisha kelele. Ingenichukua siku nzima na ingeondoa na nusu ya sauti yenyewe.

Shida ya tatu ilikuwa mwendo. Niliwapa mlio wa kipimo, tiki tiki, wapigaji wakaukataa. Wakipiga bila kipimo walianza 90 na dakika tatu baadaye wako 96, jambo zuri sana harusini na baya kwa lupu. Suluhisho lilitoka kwa mpigaji wa vidumbak. Akasema sikio lake linafuata cherewa, halifuati kengele. Tukarekodi cherewa peke yake dakika moja, nikainyoosha ikae 90 kamili, nikamrudishia yeye hedifonini badala ya tiki. Wenzake wakamfuata yeye. Hawakutoka nje ya mstari tena. Nilinunua hedifoni ya pili, shilingi 45,000, ili mimi pia nisikie.

21 Aprili: Noti isiyo na kitufe

Anayepiga fidla ni mzee, wote tunamwita Maalim. Vipande vyake vingi alivipiga kwa makamu ya Rast (makamu ni ngazi ya noti katika muziki wa Kiarabu) kuanzia D. Chini yake mimi nilikuwa nimetandika sauti laini ya kinanda, D na A na noti ya tatu. Ilipofika noti hiyo ya tatu, vyombo viwili viligombana mpaka meno yakauma.

Sababu inajulikana: noti ya tatu ya Rast inakaa kati ya vitufe. Kutoka D, iko juu ya F na chini ya kile kitufe cheusi kinachofuata. Kinanda changu hakina njia ya kuifikia isipokuwa kwa kukunja sauti. Katika midi, gurudumu la kukunja lina kituo cha kati namba 8,192, na kwa mpangilio wa kawaida kuanzia hapo kwenda chini mpaka mwisho ni toni moja nzima. Robo toni basi ni 2,048. Nikaandika 6,144 kwa kila noti ya tatu. Kukunja huko hugusa chaneli yote, yaani D na A nazo zingekunjwa, kwa hiyo noti ya tatu ilibidi ihamie chaneli yake peke yake. Siku mbili za kazi.

Bado haikukaa. Nikapima noti za Maalim moja moja. Hazikuwa robo toni kamili. Akipanda, noti hiyo ilikaa juu kidogo. Akishuka kurudi D, ilikaa chini zaidi. Anaisogeza kulingana na anakokwenda. Mimi nilikuwa nimeipigilia msumari mahali pamoja.

Nikaifuta noti ya tatu kwenye kinanda. Sasa chini kuna D na A tu, na hiyo ndiyo njia ya sanduku lenyewe tangu Januari. Fidla ina uwanja wake wote, na hakuna chombo kinachobishana nayo. Kwa anayetaka kunakili: usianze na kukunja namba. Anza kwa kuondoa.

Anayetaka kusikia vyombo hivi kwa karibu kabla ya kununua sampuli za mtandaoni (hapa maana yake sauti za vyombo zilizokwisha kurekodiwa), Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kinachofundisha tangu 2002. Sampuli za "ngoma za Afrika" nilizozikuta mtandaoni hazikuwa na sanduku wala mkwasa.

5 Mei: "Umenikata kabla sijatua"

Nilivikata vipande vya fidla 14, kila kimoja kati ya sekunde 4 na 9. Programu inachagua kimoja kwa bahati, inasubiri mwanzo wa mizani, inakipiga, kisha inanyamaza kati ya sekunde 20 na 70. Kwa kuwa chini yake ni D na A tu, kipande chochote kinaingia popote. Kwa ufundi, kila kitu kilikuwa sawa.

Nikampelekea Maalim asikilize barazani kwake. Aliishika simu karibu na sikio, akatulia. Kipande cha tatu kilipopita akaniangalia.

"Hapa umenikata kabla sijatua."

Nikamwambia Maalim, kipande kilikuwa kirefu, nikakichukua mpaka pale palipopendeza.

"Palipokupendeza ni njiani. Mimi nilikuwa bado niko juu. Sasa kila mtu atanisikia nimebaki huko."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekata kwa kutazama mawimbi kwenye kioo, pale sauti inapopungua, wala sikufuata maneno ya fidla. Vipande sita kati ya 14 viliishia kwenye noti ya nne au ya tano, vikiningʼinia. Na katika yale makubaliano ya Machi sikuandika popote kwamba nitakata upigaji wao vipande vipande. Nilimwomba radhi kwa yote mawili. Tumeongeza sentensi: kila kipande kilichokatwa mpigaji atakisikia kabla hakijaingia kwenye gemu.

Tarehe 3 alikuja kurekodi upya, safari hii akijua anachokipigia. Nilimweleza: sema neno moja, utue, kisha nyamaza. Akapiga vipande 19 kwa muda wa saa moja na robo. Tulivichuja pamoja vikabaki 11, na kila kimoja kinashuka D. Baina ya kipande na kipande alikuwa anafuta upote kwa shashi na kukaa kimya kidogo, na kile kimya chake nimekiona kina urefu uleule wa kimya nilichokuwa nakitafuta kwa namba. Nimepandisha kimya kifupi kabisa kutoka sekunde 20 hadi 35.

19 Mei: Dhoruba

Mwaka 1978 gemu ya Space Invaders ilikuwa na noti nne tu za besi zinazoshuka, zikikazana kadiri maadui wanavyopungua. Kila nikiisoma habari hiyo nilitaka dhoruba yetu ifanye hivyo: mawingu yakikusanyika, mapigo yapande kutoka 90 hadi 130. Nilijaribu kuziharakisha sauti nilizonazo. Vidumbak vilistahimili, sanduku likawa kama mpira, fidla ikachanika. Noti za mashine huharakishwa. Mkono wa mtu haukubali.

Tukarekodi tena, vidumbak, cherewa na mkwasa peke yao. Mwendo umebaki 90, lakini mikono imejaza: palipokuwa na pigo moja sasa yako mawili na matatu, na mkwasa unachapwa mfululizo kwenye ubao. Sikio linahisi kasi imezidi maradufu, na kompyuta inaona lupu ya sampuli 3,763,200 ileile. Kubadilishana ni kuzima tabaka moja na kuwasha nyingine.

Kosa likawa kwenye kuhama. Niliagiza muziki usubiri mwisho wa mizani. Mizani ni sekunde 2.67. Radi inapiga, tanga linapasuka, na muziki unakuja baada ya sekunde mbili na nusu kama mtu aliyechelewa msibani. Nikabadilisha uhame kwenye pigo lolote linalofuata, yaani chini ya sekunde 0.67, na juu ya maungio nikaweka pigo moja zito la ngoma linaloficha mshono. Kutoka dhorubani kurudi shwari nimeacha usubiri mizani nne nzima. Bahari haitulii ghafla.

Kwenye bahari kuu, baada ya dakika tatu bila tukio, muziki wote unafifia na kubaki maji, kamba na tanga. Mwandishi wa programu alidhani ni hitilafu akanipigia simu usiku. Tumekubaliana ibaki.

2 Juni: Simu ya laki na nusu

Kazi yote nilikuwa naisikiliza kwa hedifoni. Nimenunua simu ya mtumba, shilingi 150,000, RAM GB 2, kwa kuwa wachezaji wetu wengi watakuwa na simu kama hiyo. Mambo matatu yakajitokeza kwa siku moja.

Sanduku halikuwepo. D ya chini ni hezi 73 (mitetemo 73 kwa sekunde), na spika ya simu hiyo haitoi kitu cha maana chini ya hezi mia tatu hivi. Kupandisha besi kulifanya spika itetemeke tu. Dawa ni kuzikwaruza kidogo sauti za sanduku ili zizae sauti za juu yake, 147, 220, 294 na kuendelea, kisha kuinua ule mchomoko wa kidole karibu na hezi 900. Sikio likisikia ngazi za juu, lenyewe linaijaza ya chini. Ile maiki ya vidoleni ndiyo iliyoniokoa hapa.

Pili, mikwaruzo. Simu ilishindwa kufungua mafaili manne ya OGG kwa pamoja huku mawimbi na ndege wakilia. Nimeunganisha vidumbak, cherewa na mkwasa kuwa faili moja, tabaka zikapungua.

Tatu, ukubwa. Dakika moja ya WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya stereo ni MB 10.6, tabaka nne kwa bandari tano ingefika MB 300, na hiyo ni bando ya mtu. Kwa OGG, sanduku na ngoma zikiwa mono, muziki wote sasa ni MB 17.

Ujazo wa sauti nimeuweka -18 LUFS (LUFS hupima sauti inavyosikika kuwa kubwa), kiwango ambacho Sony iliwapendekezea watengenezaji kwa mashine za mkononi. Za sebuleni ni -24.

16 Juni: Hesabu hadi leo

Wapigaji 470,000: fidla vikao vitatu kwa 60,000, sanduku viwili kwa 40,000, vidumbak vitatu kwa 40,000, cherewa na mkwasa vitatu kwa 30,000. Ndani yake imo ile 170,000 ya mvua. Reaper 160,000 kwa dola ya siku ile. Usafiri na chakula 110,000. Hedifoni 45,000. Luku na bando 60,000. Simu 150,000. Jumla 995,000, imebaki elfu tano.

Bandari nne zina muziki wake. Lamu haina, inaazima wa Unguja, na kila nikitia nanga pale inaniuma, kwa sababu anayetoka Lamu atajua mara moja kwamba hapo si kwao. Maalim ameshanipigia vipande viwili mdomoni, kwa makamu nyingine, polepole zaidi. Kila mmoja wetu watatu anatoa 60,000 kwa kikao kimoja cha mwisho. Chumba ni kilekile cha Ng'ambo, saa tatu usiku, na Ami amesema atakuja na uzi mpya.